Msiimwage Sampuli Hiyo: Barua ya Wazi Kuhusu Magonjwa ya Kupe Yasiyo na Jina

Kwa mawaziri wenye dhamana ya afya na ya mifugo, kwa wakurugenzi wa maabara za rufaa, na kwa wote mnaokaa kwenye vikao vya kugawa fedha za utafiti.

Waheshimiwa,

Kazi yangu ni kusoma damu. Nimekaa mbele ya hadubini miaka 17 sasa, na jambo ninalowaletea linahusu neno moja ambalo mkono wangu huliandika karibu kila saa: hasi.

Miaka michache iliyopita ililetwa mezani kwangu damu ya mwanamume mwenye homa ya siku tisa. Kwenye fomu daktari alikuwa ameandika kwa haraka: kichwa, viungo, aling'atwa na kupe. Hayo maneno matatu ya mwisho aliyapigia mstari. Nilipaka slaidi mbili, nene na nyembamba, nikazitia rangi ya Giemsa, nikaziacha zikauke, nikaanza kupitia uwanja mmoja baada ya mwingine. Vimelea vya malaria havikuwepo. Lakini ndani ya chembe nyeupe mbili niliona vidoa vya zambarau vilivyoshikana kama kichala kidogo, vimejibanza kando ya kiini. Nilimwita mwenzangu. Aliangalia kwa muda mrefu, akasema, "Labda ni uchafu wa rangi." Nikaitazama fomu. Ilikuwa na nafasi ya kuandika kama malaria ipo au haipo. Nafasi nyingine haikuwepo.

Nikaandika "hasi", jibu likaenda wodini. Siku zilipita, ile picha ikakataa kunitoka kichwani. Nilipokwenda kuitafuta slaidi, ilikuwa imeshaoshwa ili itumike tena. Kichupa cha damu kilikuwa kimeshamwagwa, maana kanuni yetu ni siku saba. Mgonjwa alikuwa amehamishiwa kwingine, na sikupata kusikia habari zake tena.

Sisemi kwamba niligundua kitu. Huenda ulikuwa uchafu wa rangi kweli. Kinachoniuma ni kwamba hakuna mtu atakayejua, na tuliyeifanya isijulikane ni sisi wenyewe, kwa kufuata utaratibu.

Naomba mnivumilie nieleze jinsi kipimo kinavyofanya kazi, kwa sababu nadhani hapa ndipo maamuzi mengi yanapopotoka. Kipimo chochote cha maabara ni swali. Kipimo cha haraka cha malaria kinauliza kama protini ya kimelea cha malaria imo ndani ya damu. Kipimo cha kingamwili kinauliza kama mwili huu umewahi kupambana na adui fulani, nacho mara nyingi huuliza mapema mno, kwa kuwa kingamwili zinaweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza huku mgonjwa yuko mbele yetu leo. Kipimo cha PCR kinatafuta kipande cha vinasaba ambacho aliyekitengeneza alikijua tangu mwanzo. Kati ya hivyo vyote hakuna kinachouliza: kuna nini humu? Kwa hiyo ninapoandika "hasi" nimesema tu kwamba yule niliyetumwa kumtafuta sikumwona. Lakini fomu ikifika wodini husomeka kana kwamba nimesema hakuna mtu ndani ya nyumba.

Na ndani ya kupe nyumba haikosi watu. Aina za kupe zinazojulikana duniani zinakaribia 900. Kupe hunyonya damu ya panya, kisha ya swala au ng'ombe, kisha ya binadamu, na kila mlo unaweza kumwachia mgeni mpya. Kupe mmoja anaweza kubeba bakteria wa Lyme (ugonjwa wa upele na maumivu ya viungo), bakteria wa anaplasma anayeishi ndani ya chembe nyeupe, na kimelea cha babesia kinachokaa ndani ya chembe nyekundu, kwa wakati mmoja, akavipitisha kwa mtu yuleyule kwa kuuma mara moja. Hapo nimewataja wale tuliokwisha kuwapa majina tu.

Sasa tazameni jinsi majina hayo yalivyopatikana, na yalichukua muda gani. Rickettsia parkeri ilipatikana ndani ya kupe huko Texas mwaka 1937. Kwa miongo mingi ilihesabiwa kuwa bakteria wa kupe tu, asiye na habari na binadamu. Mgonjwa wa kwanza aliyethibitishwa alitangazwa mwaka 2004, miaka 67 baadaye. Borrelia miyamotoi ilielezwa Japani mwaka 1995, nayo ilitolewa kwenye kupe. Wagonjwa wake wa kwanza, wenye homa inayoondoka na kurudi, walitambuliwa Urusi, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2011. Kuna bakteria mwingine aitwaye Neoehrlichia mikurensis, aliyeelezwa Japani mwaka 2004 kutoka kwa panya na kupe. Mwaka 2010 Sweden ilitangaza mgonjwa wa kwanza, mtu aliyekuwa tayari na saratani ya damu.

Huyo wa mwisho naomba nimsimamie kidogo. Bakteria huyu huwaandama hasa watu ambao kinga yao imedhoofika. Huleta homa isiyokoma na kugandisha damu kwenye mishipa. Jiwekeni kwenye nafasi ya daktari: mgonjwa wenu ana saratani ya damu, ana homa, damu inaganda, vipimo vyote vya maambukizi vinarudi hasi. Mtafikiri nini? Mtafikiri saratani imerudi, na mtaongeza dawa zinazoikandamiza kinga yake zaidi. Kumbe kilichohitajika ni doksisaiklini, dawa ya zamani iliyoko kwenye kabati la karibu kila hospitali. Kabla ya mwaka 2010 watu wa namna hiyo walikuwepo, na wanaowatibu hawakuwa wajinga. Hawakuwa na swali la kuuliza, basi.

Mtu akiniambia kwamba magonjwa yote muhimu ya kupe tumeshayajua, humuuliza: mwaka gani? Mwaka 1936 tungesema hivyo. Mwaka 2003 tungesema hivyo, na wagonjwa walikuwepo wakati wote, wakibeba majina ya magonjwa mengine kwenye mafaili yao.

Hilo la kubeba jina la ugonjwa mwingine lina ushahidi wa karibu. Kaskazini mwa Tanzania watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Madaktari waliwaandikia malaria wagonjwa 528 kati yao. Waliothibitika kwamba homa yao ilitokana na malaria walikuwa 14. Miongoni mwa waliochunguzwa kwa kina, karibu 8 katika kila 100 walikuwa na maambukizi ya riketsia, yaani bakteria wa jamii ya Rickettsia, wa kundi la homa za madoa, ambazo aghalabu huenezwa na kupe, na hakuna hata daktari mmoja aliyekuwa akiwawazia. Na hapo bado wapo wengi ambao hata baada ya uchunguzi wote huo chanzo cha homa yao hakikupatikana. Mimi ni mtu wa maabara. Nikisoma karatasi kama ile, macho yangu huenda moja kwa moja kwa hao wa mwisho.

Ipo pia habari ya Adrianus Pijper, aliyefanya kazi Afrika Kusini miaka ya 1930. Yeye alisema kwamba homa ya kung'atwa na kupe aliyokuwa akiiona huko si ugonjwa uleule uliojulikana kando ya bahari ya Mediterania, bali ni mwingine, wenye bakteria wake na kupe wake. Wenzake hawakuweza kurudia alichokiona, na kwa takriban miaka 60 magonjwa hayo mawili yakawekwa chini ya jina moja. Katika miaka ya 1990, kwa mgonjwa na kupe wa Zimbabwe, ikaonekana kwamba alikuwa sahihi. Bakteria huyo leo anaitwa Rickettsia africae, na ni miongoni mwa sababu zinazojulikana sana za homa kwa wasafiri wanaorudi kutoka kusini mwa Afrika. Sampuli za Pijper zilikuwa zimepotea. Kama zingehifadhiwa, ubishi usingekula miaka 60.

Nimesema habari za jicho, na hapa nataka kumtaja Willy Burgdorfer, kwa sababu habari yake inanigusa kama mtu wa hadubini. Ujana wake, huko Basel nchini Uswisi, aliutumia akimchunguza papasi, yule kupe laini wa Afrika anayejificha kwenye nyufa za sakafu na kutoka usiku, pamoja na bakteria wa homa ya papasi wanaoishi ndani yake. Elimu hiyo ilikuwa imelipiwa ghali: Joseph Dutton, aliyeonyesha huko Kongo kwamba papasi ndiye anayeeneza homa ile, alikufa mwaka 1905 akiwa na ugonjwa huohuo. Baadaye Burgdorfer alihamia Montana, Marekani. Mwaka 1981 aliletewa kupe kutoka Shelter Island, New York, na alichokuwa akikitafuta ni riketsia. Alipowapasua na kutazama matumbo yao, hakuwaona. Aliona bakteria warefu, wembamba, waliojisokota. Mtu mwingine angeandika "hasi", na jibu lake lingekuwa sahihi kabisa, kwa kuwa riketsia hawakuwepo. Yeye aliwatambua kwa sababu jicho lake lilikuwa limeshafundishwa na papasi. Hao ndio bakteria wa ugonjwa wa Lyme, na leo wanaitwa Borrelia burgdorferi kwa heshima yake.

Upele wa ugonjwa huo ulikuwa umeelezwa Sweden na Arvid Afzelius tangu mwaka 1909, akiuhusisha na kuumwa na kupe. Na huko Lyme, Connecticut, waliolazimisha uchunguzi mwaka 1975 walikuwa akina mama. Mmoja wao, Polly Murray, alikuwa ameandika kwa miaka dalili za familia yake, akazunguka kwa madaktari wengi bila kusikilizwa. Daftari la mama, kupe wa msituni, na mzee aliyewahi kuwaangalia papasi: ukikosekana mmoja wa hao, ugonjwa ungeendelea kuitwa baridi yabisi ya watoto.

Ninyi mnaopanga bajeti mnapenda kuambiwa kwamba mashine mpya zitaondoa haja ya macho ya namna hiyo. Mashine nazipenda, na nitaziomba hapa chini. Lakini sikilizeni lililotokea kwenye maabara ya Mayo Clinic huko Minnesota. Kati ya sampuli takriban 9,000 zilizopimwa kati ya mwaka 2012 na 2014 kwa ajili ya Lyme, sita zilitoa jibu lenye sura ya ajabu: mchoro wa mashine ulipanda kilele mahali pasipo pake. Sita kati ya 9,000. Mtu mwenye haraka, mwenye foleni ya vichupo mezani, angesema mashine imekosea, arudie au aandike hasi. Wao walizitenga. Ndani yake kulikuwa na bakteria mpya, aliyetangazwa mwaka 2016 kwa jina la Borrelia mayonii. Miaka kadhaa kabla ya hapo, kwa kilele kilichokaa vibaya vilevile, walikuwa wamempata bakteria mwingine wa jamii ya ehrlichia kwa wagonjwa wa Minnesota na Wisconsin. Mashine ilikuwa ileile inayouliza swali moja. Tofauti ni kwamba nyuma yake alikuwepo mtu mwenye ruhusa na muda wa kushangaa.

Ruhusa na muda wa kushangaa. Waheshimiwa, nikiulizwa niombe vitu viwili tu, ni hivyo.

Kwenu ninyi wa mifugo nina neno pia, na kwa wenzenu wa afya wanaokaa jengo la pili. Daktari wa wanyama humjua kupe kuliko sisi. Victor Babeș aliona vimelea ndani ya chembe nyekundu za ng'ombe huko Romania mwaka 1888. Mwaka 1893 Theobald Smith na Frederick Kilborne walichapisha uthibitisho kwamba homa ya ng'ombe ya Texas huenezwa na kupe. Binadamu wa kwanza kuthibitishwa kuwa na babesia alitangazwa mwaka 1957, mtu wa Yugoslavia aliyekuwa hana bandama. Vivyo hivyo kwa anaplasma: homa ya kupe ya kondoo ilijulikana Uskoti tangu miaka ya 1930, lakini ugonjwa wa binadamu uletwao na bakteria huyohuyo ulielezwa Marekani miaka ya 1990. Mfugaji anayejua ndigana kwa kumtazama ng'ombe akitokwa machozi na kuvimba tezi hashangai kusikia kwamba kupe ana siri. Tunaoshangaa ni sisi wa hospitali, kwa sababu taarifa za wanyama hazifiki kwetu, wala zetu haziendi kwao.

Babesia wenyewe, kwa wanaotaka kujua, wanafanana na malaria kiasi cha kutisha. Wanakaa ndani ya chembe nyekundu, wana umbo la pete. Anayewajua hutafuta wanne waliojipanga kama msalaba, na hutazama kama ile rangi ya kahawia ambayo malaria huiacha ipo au haipo; babesia hawaiachi. Hayo hufundishwa kwa kukaa bega kwa bega na mtu anayeyajua, na watu hao wanazeeka, huku vijana tunaowaajiri wakifundishwa kusoma mistari miwili kwenye kipimo cha haraka. Vipimo vya haraka vimeokoa watu wengi sana na sitaki vipunguzwe hata kimoja. Nataka visiwe sababu ya kuufunga ukurasa.

Na jina si suala la kitaaluma tu. Mgonjwa wa riketsia akipewa penisilini, haimsaidii. Mgonjwa wa babesia akipewa doksisaiklini pekee, vimelea vyake vinaendelea kuzaana. Yeye anahitaji mchanganyiko kama atovakwoni na azithromaisini. Babesia pia hupita kwenye damu ya kuchangia, kutoka kwa mtu anayejiona mzima kabisa hadi kwa mtoto mchanga au mgonjwa wa upasuaji. Marekani ilitoa mwongozo wa kupima damu ya wachangiaji kwenye majimbo yenye ugonjwa huo mwaka 2019, nusu karne baada ya babesia kuonekana kwa mkazi wa kisiwa cha Nantucket mwaka 1969. Kimelea ambacho hakijapata jina hakiwezi kuwekwa kwenye mwongozo wowote.

Sitaki kutia chumvi. Si kila bakteria anayepatikana ndani ya kupe ni adui. Wengine huishi humo kama wapangaji wema, wakimtengenezea kupe vitamini za jamii ya B ambazo damu haina za kutosha. Kuona vinasaba vipya kwenye kupe si sawa na kumpata muuaji. Lazima aonekane pia kwa mgonjwa, kingamwili zionyeshe mwili umepambana naye, na ikiwezekana aoteshwe maabara. Wala sidai kwamba kila anayebaki na uchovu na maumivu baada ya kutibiwa ana kimelea cha siri. Lakini watu hao wapo, wanateseka, na tukiwaambia "vipimo vyako viko sawa" kisha tukafunga mlango, mlango mwingine hufunguliwa na wauza vipimo visivyothibitishwa na dawa za miezi mingi zisizo na ushahidi. Utapeli huo unakula palipo na ukimya wetu. Uchunguzi wa kweli, wa wazi, wenye majibu hata yale ya "tumetafuta na hatukuona", ndio unaoweza kuuondoa.

Ninachoomba kinaweza kuanza bila kusubiri mkutano mkubwa. Fomu ya majibu ibadilishwe, ili badala ya "hasi" tupu tuandike tulichokitafuta na tusichokitafuta, na pawepo mstari mmoja wa kuandika kitu kisichoeleweka kilichoonekana. Hiyo ni kazi ya mchapishaji, ya siku moja. Mgonjwa mwenye homa aliyeumwa na kupe, ambaye vipimo vyote vimekosa jibu, aombwe ridhaa, na akikubali damu yake igandishwe kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, pamoja na kupe mwenyewe kama yupo, na sampuli ya pili ichukuliwe baada ya wiki mbili au tatu. Bila hiyo ya pili, kingamwili haziwezi kusimulia chochote cha maana. Maabara ya rufaa ipewe fedha za kudumu za kusoma vinasaba vyote vilivyomo ndani ya sampuli hizo, bila kuchagua mapema, na ipewe watu wa kuyasoma matokeo, kwa sababu mashine ya kusoma vinasaba isiyo na mtaalamu ni kabati ghali. Na kila inapopatikana aina mpya kwa ng'ombe, mbuzi au panya, taarifa iende kwa daktari wa binadamu wiki hiyohiyo, na iwe hivyo kutoka upande wetu pia.

Najua mtaniuliza: vipi kama tutahifadhi sampuli elfu na tusipate kitu? Basi tutakuwa na sampuli elfu ambazo mtu wa mwaka 2040, mwenye kipimo ambacho leo hatukiwazii, anaweza kuzifungua. Kwa sasa hana cha kufungua.

Wiki hii nina vichupo vinne kwenye jokofu dogo karibu na meza yangu. Wote wanne wana homa, wote waliumwa na kupe, na wote nimewaandikia hasi. Slaidi zao sijaziosha. Nimezifunga kwa karatasi na kuandika tarehe. Mmoja ni msichana wa miaka 11 ambaye homa yake huondoka siku nne na kurudi. Kanuni inasema vichupo hivyo vimwagwe Ijumaa. Naomba maelekezo mengine kabla ya Ijumaa.

Wenu katika kazi,
Mtaalamu wa maabara